Oksitosini au kabetosini? Tathmini ya ampuli mbili za chumba cha kujifungulia

Ukiziweka kwenye trei, ampuli hizi mbili hutazitofautisha bila kusoma lebo. Kila moja ina mililita 1 ya dawa isiyo na rangi, na kila moja huchomwa mara tu mtoto anapotoka ili mji wa mimba ukaze na mama asivuje damu. Moja ni oksitosini ya yuniti 10, mkongwe wa wodi za wazazi. Nyingine ni kabetosini ya mikrogramu 100 inayohimili joto, ambayo Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Tathmini hii ni ya mfamasia anayeagiza, mkunga anayechoma na mganga mfawidhi anayesaini oda.

Msimamo wetu tunautoa mapema. Kituo ambacho friji yake haiaminiki kinunue kabetosini kwa ajili ya kuzuia damu. Lakini kituo kinachofuta oksitosini kwenye oda kwa sababu kimepata kabetosini kinajitafutia balaa, na huko mbele tutaonyesha kwa nini.

Homoni yenyewe inatoka wapi

Dawa zote mbili zimeanzia kwenye homoni inayotengenezwa na seli za neva. Katika haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, kuna niuroni kubwa zilizojikusanya kwenye viini viwili vinavyoitwa supraoptiki na paraventrikula. Baadhi yake hutengeneza oksitosini, na nyingine, pale pale, hutengeneza vasopresini, ile homoni inayoziambia figo zirudishe maji mwilini. Homoni hufungashwa kwenye vifuko pamoja na protini iitwayo neurofisini, kisha husafirishwa ndani ya aksoni, mkia mrefu wa niuroni, hadi sehemu ya nyuma ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Pituitari ya nyuma haitengenezi homoni hizi. Inazihifadhi na kuziachia. Kichwa cha mtoto kikisukuma mlango wa kizazi, au mtoto akinyonya, ishara hupanda kupitia uti wa mgongo, niuroni hufyatuka kwa pamoja, na oksitosini humwagika kwenye damu kwa mipigo, si kwa mtiririko.

Hapo kuna mambo mawili yanayomhusu mnunuzi moja kwa moja. La kwanza ni muda. Oksitosini haikai kwenye damu. Nusu yake huondoka ndani ya dakika chache. Mwili hauna shida na hilo kwa kuwa mpigo mwingine uko njiani. Sindano haina mpigo wa pili.

La pili ni umbo la molekuli. Oksitosini ni aminoasidi 9 tu, vile vipande vinavyojenga protini. Ya 1 na ya 6 zimeunganishwa kwa daraja la atomi mbili za salfa, kwa hiyo sehemu ya mbele ya molekuli imejikunja kuwa duara. Daraja hilo ndilo linalohitajika ili kipokezi cha mji wa mimba kiitambue, na ni moja ya sehemu ambazo joto huzishambulia. Vasopresini nayo ina aminoasidi 9, na inatofautiana na oksitosini kwa 2 tu. Ufanano huo una gharama zake, tutaufikia kwenye dripu.

Henry Dale aliona mwaka 1906 kwamba kimiminika kilichotolewa kwenye pituitari kinakaza mji wa mimba. Vincent du Vigneaud akaiunda oksitosini maabara mwaka 1953 na kupata Nobeli ya kemia mwaka 1955. Ampuli ya leo ina molekuli ileile, pamoja na udhaifu wake wote.

Oksitosini: dawa nzuri, mlinzi mbaya wa nafsi yake

Kama dawa, oksitosini haina mpinzani kwa upana wa kazi. Inaanzisha uchungu, inaongeza nguvu ya uchungu uliolegea, inazuia mama kuvuja damu, na inatibu anayevuja tayari. Kwa kuzuia, kipimo ni yuniti 10 kwenye msuli au mshipa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, baada ya kupapasa tumbo na kuhakikisha hakuna pacha aliyebaki. Ikipitia kwenye mshipa isisukumwe kwa haraka: presha huanguka na moyo hukimbia, na kwa mama aliyekwisha kupoteza damu hilo ni hatari ya kweli.

Tatizo liko kwenye uhifadhi. Inatakiwa ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na isigande. Na hapa watengenezaji wamewachanganya watu kwa miaka mingi. Ampuli za kampuni moja zimeandikwa 2 hadi 8, za nyingine zimeandikwa chini ya 25. Mtu wa stoo anasoma 25, anaziweka kwenye rafu, na rafu hiyo iko chini ya bati huko Lodwar, kaskazini mwa Kenya kwenye joto kali. WHO, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja mwaka 2019 kwamba oksitosini yote ihifadhiwe kwenye 2 hadi 8. Ushauri wetu ni kufuata hilo hata lebo ikiruhusu zaidi, maana 25 ya lebo ni joto la chumba ambacho vituo vingi havina.

Kibaya zaidi ni kwamba ampuli iliyoungua kwa joto haijitangazi. Dawa hubaki angavu, bila rangi wala mashapo, hata nguvu ikiwa imepungua. Chupa za chanjo nyingi zina VVM, ule mraba mdogo ndani ya duara unaobadilika rangi kadiri joto linavyozidi. Ampuli za oksitosini kwa kawaida hazina. Kwa hiyo mkunga anachoma yuniti 10 za kwenye lebo, mji wa mimba unabaki laini kama unga wa chapati, anaongeza nyingine, na hakuna anayeilaumu friji. Ukaguzi wa ubora katika nchi za kipato cha chini na cha kati umekuwa ukikuta sehemu kubwa ya sampuli za oksitosini zina dawa pungufu. Nyingine zilitoka kiwandani zikiwa hivyo, nyingine ziliharibikia njiani.

Kwa hiyo ukiichagua oksitosini, umenunua na kazi ya kuilinda. Iombee nafasi kwenye friji ya chanjo. WHO na UNICEF wanaruhusu, mradi iwe na boksi lake lenye maandishi makubwa ili isije ikachukuliwa kama chanjo au maji ya kuchanganyia chanjo. Isiguse ukuta wa nyuma wa friji, huko inaganda. Isiwekwe mlangoni, huko joto hupanda kila mlango unapofunguliwa. Joto lisomwe na kuandikwa asubuhi na jioni, siku za sikukuu zikiwemo. Kwenye kibebea chanjo, pakiti za barafu ziachwe nje kwanza hadi ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Ukizitia zikiwa zimeganda kavu, ampuli zinazozigusa zinaweza kuganda. Wodini zishuke ampuli za zamu moja tu. Ampuli inayozunguka kwenye trei kutwa, ikarudishwa friji jioni na kutolewa tena kesho, hakuna anayejua imebaki na nini.

Sasa dripu. Kwa kuongeza uchungu, mwongozo wa WHO unatumia yuniti 2.5 kwenye mililita 500, ukianza na matone 10 kwa dakika na kuongeza matone 10 kila dakika 30, hadi mama apate mikazo 3 ndani ya dakika 10, kila mmoja ukizidi sekunde 40. Kwa ampuli ya yuniti 10 kwa mililita, yuniti 2.5 ni mililita 0.25, nayo hupimwa kwa bomba la sindano la mililita 1, siyo kwa kukadiria kwenye bomba la 5. Ziko pia ampuli za yuniti 5 kwa mililita, na kwa hizo ni mililita 0.5. Anayevuta kwa mazoea bila kusoma lebo anampa mama nusu au mara mbili. Hesabu ya matone nayo inategemea mpira wa dripu: kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, matone 10 ni kama yuniti 0.0025 kwa dakika. Stoo ikileta mpira wa matone 60, namba zote hizo zinabadilika.

Dripu ikienda muda mrefu, vipokezi vya mji wa mimba vinachoka. Mama aliyeongezewa uchungu kwa saa nyingi ndiye ambaye mji wake unaweza kulegea baada ya kujifungua na kuitikia vibaya sindano ya kuzuia, kwa hiyo huyo aangaliwe kwa karibu zaidi. Na hapa ndipo undugu na vasopresini unapojitokeza. Oksitosini nyingi kwenye lita nyingi za glukosi huzifanya figo zishike maji. Sodiamu inashuka, mama anaumwa kichwa, anachanganyikiwa, anapata degedege. Presha ikiwa ya kawaida na hakuna kifafa cha mimba, angalia chati ya maji. Ni sababu mojawapo ya kuchanganyia kwenye maji ya chumvi, na ya kutozidisha lita 3 za maji yenye oksitosini kwa anayetibiwa kuvuja damu.

Kabetosini: imerekebishwa pale ilipokuwa ikivunjika

Wakemia walichukua molekuli ya oksitosini na kubadilisha sehemu chache. Kwenye lile daraja, salfa moja imeondolewa na kuwekwa kaboni. Kwenye kichwa cha molekuli, kundi la amino limetolewa, kwa hiyo vimeng'enya vinapata tabu kuanza kuitafuna. Tairosini, moja ya zile aminoasidi 9, nayo imeongezewa kundi la methili. Matokeo yake, nusu ya kipimo kilichopitia mshipani huchukua kama dakika 40 kuondoka, badala ya dakika chache. Ukitaka kulinganisha na kazi ya niuroni, hiki ni kipimo kimoja kinachoshikilia mkazo kwa muda ambao pituitari ingehitaji mipigo mingi.

Kuhimili joto, hata hivyo, kumetokana pia na maji yaliyomo ndani ya ampuli. Toleo la zamani la kabetosini lilitaka friji. Ferring, kampuni ya Uswisi, ilitengeneza toleo jipya lenye manitoli, methionini na asidi ya saksini. Vipimo vya uthabiti vilionyesha linastahimili miezi 36 kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, miezi 6 kwenye 40, miezi 3 kwenye 50, na mwezi 1 kwenye 60. Nyuzi 60 ni joto la ndani ya gari lililofungwa juani. Kwa mwagizaji maana yake ni moja: jina "kabetosini" pekee halitoshi. Soma sharti la uhifadhi. Likisema chini ya nyuzi 30, ndilo hili tunalolisifu. Likisema 2 hadi 8, umenunua toleo la zamani. Na lile jipya nalo lisigandishwe, na libaki kwenye boksi lake kukwepa mwanga.

Inafanya kazi? Jaribio la CHAMPION, lililochapishwa mwaka 2018, lilihusisha wanawake 29,645 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo. Waliovuja mililita 500 au zaidi, au kuhitaji dawa nyingine ya kukaza mji wa mimba, walikuwa asilimia 14.5 kwa kabetosini na 14.4 kwa oksitosini. Zinalingana. Kwa wanaovuja lita 1 na zaidi namba zilikaribiana sana, 1.51 na 1.45, ingawa kwa kigezo hicho jaribio halikutosha kuthibitisha kwamba kabetosini si dhaifu kuliko mwenzake. Muuzaji akikuambia ni bora kuliko oksitosini, mwulize anailinganisha na oksitosini ipi. Kwenye CHAMPION oksitosini ilitunzwa kwenye baridi kama inavyotakiwa. Faida ya kabetosini inakuja pale ambapo oksitosini yako haikutunzwa hivyo.

Matumizi ni mepesi. Mikrogramu 100, mara moja tu, kwenye msuli, au mshipani polepole kwa dakika moja. Kwa upasuaji hutolewa baada ya mtoto kutoka. Hairudiwi. Kichefuchefu, maumivu ya tumbo, uso kuwaka na presha kushuka vinaweza kutokea, kama ilivyo kwa oksitosini.

Bei: Ferring ilijifunga kuiuza kwa sekta ya umma ya nchi za kipato cha chini na cha kati kwa dola 0.31 kwa ampuli, ikizidi au kupungua kwa asilimia 10. WHO inaipendekeza pale gharama yake inapolingana na ya dawa nyingine zinazofanya kazi. Ukilinganisha bei ya ampuli kwa ampuli huenda oksitosini ikashinda. Ongeza mafuta ya jenereta na ampuli zinazotupwa kila friji inapozima, kisha uhesabu upya.

Mahali pa hatari

Kabetosini isichomwe kabla mtoto hajatoka, kwa sababu yoyote ile. Oksitosini kwenye dripu unaweza kuifunga, na dakika chache baadaye mkazo unapungua. Kabetosini ikishaingia, hakuna bomba la kufunga. Mji wa mimba unakazana huku mtoto akiwa ndani, hewa yake inakatika, na mji unaweza kupasuka. Wodi inayoweka ampuli zote mbili kwenye kidroo kimoja inaalika kosa hili, kwa kuwa kila mtu anazijua kama "sindano ya kukaza". Kabetosini ikae kwenye trei ya mtoto akishatoka, na oksitosini ya dripu ikae friji. Chombo tofauti, lebo ya rangi tofauti, na anayechoma aisome kwa sauti mwenzake akisikia. Kipimo cha moja ni yuniti na cha nyingine ni mikrogramu. Kwenye faili kiandikwe kwa ukamilifu.

Kosa la pili ni kumwona mama anaendelea kuvuja baada ya kabetosini, kisha kumwongezea kabetosini. Haikuidhinishwa kwa kutibu. Hapo inarudi oksitosini: yuniti 20 kwenye lita 1 ya maji, zikimbizwe kwanza, kisha zishuke hadi matone 40 kwa dakika, pamoja na kukanda mji wa mimba, asidi ya traneksamiki (dawa inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke) gramu 1 mshipani ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na kukagua kondo na michaniko. Ule mfuko wenye alama za kupimia damu unaotandikwa chini ya mama usikosekane. Kwenye jaribio la E-MOTIVE la mwaka 2023, lililofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kupima damu kwa mfuko huo na kutoa matibabu yote kwa pamoja kulipunguza kuvuja kukali kwa asilimia 60. Hakuna ampuli iliyowahi kufanya hivyo peke yake.

Aliyevuja sana asisahauliwe akitoka wodini. Pituitari ya mbele huvimba wakati wa ujauzito, na damu yake inapita kwenye mishipa yenye msukumo mdogo. Presha ikianguka sana, seli zake hufa. Harold Sheehan alilieleza hilo mwaka 1937. Dalili ya kwanza mara nyingi ni maziwa kutotoka, kisha hedhi isiyorudi, uchovu na kuhisi baridi. Iandikwe kwenye kadi ili kliniki ya baadaye ijue pa kuanzia.

Mbadala mwingine tunaupitia haraka. Misoprostoli ni vidonge, inafaa pasipo na mtu wa kuchoma sindano, ila ina homa na kutetemeka, na vidonge visitolewe kwenye karatasi yake mapema kwa kuwa unyevu unaviharibu. Ergometrini inataka friji na giza, na haimfai mwenye presha. Vinyunyizio vya puani vya oksitosini, vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la "homoni ya upendo", havina nafasi kwenye oda ya kituo.

Oda iweje

Chukua kituo chenye uzazi 100 kwa mwezi. Kabetosini: 100, pamoja na akiba ya mwezi mmoja, zote kwenye rafu ya kawaida yenye kivuli. Oksitosini: tuseme 10 kati yao wanavuja, na kila mmoja anafikia kikomo cha lita 3. Kwa yuniti 20 kila lita, hizo ni ampuli 6 kwa mama, jumla 60. Wanaoongezewa uchungu wakiwa 5, ongeza ampuli 5, maana kinachobaki baada ya kuvuta mililita 0.25 hutupwa, hakihifadhiwi. Ni 65, badala ya 165 ambazo ungehitaji kama oksitosini ingefanya na kazi ya kuzuia. Kadi za stoo ziwe mbili, na ile ya oksitosini iwe na safu ya joto la friji siku mzigo ulipopokelewa. Shehena ikifika ikiwa ya uvuguvugu, msambazaji aonyeshe rekodi ya joto ya safari kabla hujasaini.